Ramani ya Koa na Mashahidi Wake wa Pwani

Imekuwa ada siku hizi kwamba, kila inapoonyeshwa mbele ya watu ile ramani ya Afrika ya Mashariki iliyochorwa na wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann na kupigwa chapa Ujerumani na Uingereza mwaka 1856, msemaji huwachekesha kwanza wasikilizaji wake kwa lile ziwa moja kubwa lililojinyoosha katikati ya bara kama koa aliyelala, kisha huifunika juu ya picha ya satelaiti, na kwa kuwa koa huyo hapatani na maji yoyote yaliyopo duniani, hukata hukumu kuwa habari za wasafiri wa pwani, ambazo ndizo chimbuko la mchoro huo, zilikuwa porojo za sokoni. Hukumu hiyo imekatwa kabla ya mashahidi kuulizwa, na katika kurasa hizi nataka kuonyesha kuwa kasoro iliyomo ni ya aliyeunganisha, si ya waliosimulia, na kwamba chombo kile kile kinachotumiwa kuwaaibisha ndicho kinachoweza kuwatetea, kikishikwa kwa akili.

Mwanzo wa kisa unajulikana, nami sitaurudia kwa kirefu. Pwani yetu ilipimwa na Kapteni William Owen kwa merikebu Leven na Barracouta katika miaka ya 1820, kwa saa za baharini na kwa roho za mabaharia wengi waliofishwa na homa. Na tangu hapo mchora ramani yeyote wa Ulaya alipata ukingo wa kuaminika wa kushikia, ilhali nyuma ya ukingo huo palikuwa patupu. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, mmisionari mwenzake Krapf akauona Mlima Kenya mwaka uliofuata, nazo safari zao za bara zikakoma kabla hawajafika maziwani. Walakini Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa katika mwaka 1854, na kwa kuwa hakuwa na njia ya kwenda bara mwenyewe, aliwauliza waliokwenda. Wale wa njia ya Tanga na Pangani, iliyopita upande wa Wamasai, walimwambia kuwa mwisho wa safari yao ni maji makubwa. Wale wa njia ya Mrima, ipitayo Unyamwezi hadi Ujiji, wakasema vivyo hivyo. Na habari za njia ya Kilwa nazo zilikuwa hizo hizo. Ndipo yeye na Rebmann, katika mazungumzo yao, ikawajia wote wawili kwa ghafula kwamba maji hayo yote ni mamoja.

Sasa nieleze kazi yenyewe ya kufunga ramani ya kale katika dunia ya leo, maana wengi wanaoyatazama matunda yake hawajui inavyotendeka. Karatasi hulazwa sawasawa na kupigwa picha ya dijiti yenye nukta za kutosha hata herufi ndogo kabisa isomeke inapokuzwa. Na katika hatua hii ya kwanza tayari hila huingia, kwa sababu karatasi hunywa unyevu na kutanuka, tena hutanuka upande mmoja kuliko mwingine kwa kufuata mlalo wa nyuzinyuzi zake, na ile iliyokunjwa miaka mia moja ikibandikwa kitambaa nyuma haiwi tena mraba kama ilivyotoka mtamboni. Kisha fundi huchagua mahali panapojulikana katika karatasi na katika ardhi pia, mathalani ngome, rasi, kisiwa au makutano ya mito, naye huiambia programu, iwe QGIS au nyingine, kuwa hapa ndipo pale. Programu hutafuta kanuni ya kuigeuza karatasi nzima ili pointi zote zikaribiane na mahali pake, na umbali unaobakia katika kila pointi huutoa kwa hesabu, nao huitwa masalio.

Mitego ni mingi. Ramani nyingi za Ulaya za karne ya 19 hazikuhesabu longitudo kuanzia Greenwich: za Kifaransa zilianzia Paris, iliyo digrii 2 na dakika 20 mashariki ya Greenwich, na asiyeliangalia hilo huusogeza mji wa Tabora kilomita 260 hivi pasipo kujua. Hata ramani za wapimaji wa serikali za kikoloni, zilizo sahihi kwa kila hali, zilijengwa juu ya umbo la dunia tofauti na lile linalotumiwa na satelaiti, hata ikawa mtu akisahau kulibadili, nyumba yake huonekana imehama mita 300 hivi. Makosa ya namna hii husahihishwa kwa hesabu, nayo hayana mgogoro. Mgogoro uko katika ramani kama hii ya Erhardt, ambayo ukingo wake mmoja umepimwa kwa saa na nyota, na ndani yake yote imejengwa kwa siku za mwendo wa wapagazi. Yaani ramani mbili zenye vipimo viwili vilivyo mbalimbali, zilizochapwa katika karatasi moja.

Ukiifunga kwa pointi za pwani peke yake, Mombasa na Tanga na Unguja na Kilwa, masalio huwa madogo na fundi hufurahi, na ziwa hubaki pale alipoliweka Erhardt, likiwa limeifunika nchi kavu ambamo maelfu ya watu walikuwa wakilima na kufuga. Ukiongeza pointi za bara na kuiachia programu ile kanuni ya kuvuta karatasi kila upande, kama mwamba ngoma avutavyo ngozi mpaka ikagusa kila kigingi, masalio huwa sifuri katika kila pointi, na asiyejua hudhani amepata usahihi kamili, hali amepata nchi iliyopindwa, yenye mito inayopanda milima. Aghlabu mwonyeshaji huchagua mojawapo ya njia hizi mbili, na zote mbili humpa kichekesho alichokitaka.

Lakini mtu akiweka programu kando na kusoma namba, ataona jambo ambalo katika maandishi niliyoyasoma juu ya ramani hii limepitwa kwa haraka mno. Ziwa la Erhardt laanzia karibu na mstari wa Ikweta, likateremka mpaka kupita digrii 13 kusini. Nasi tuyapange maziwa ya kweli kwa latitudo tu, bila ya kujali mashariki na magharibi. Nyanza, wanayoiita Victoria, yaanza nusu digrii hivi kaskazini ya Ikweta ikaishia karibu na digrii 3 kusini. Ziwa Tanganyika laanza digrii 3 na dakika 20 hivi, likaishia karibu na digrii 8 na dakika 50. Nyasa laanza digrii 9 na nusu, likaishia digrii 14 na ushei. Baina ya la kwanza na la pili hapana hata digrii moja ya ardhi kavu, wala baina ya la pili na la tatu. Kwa hiyo mtu asimamaye pwani na kuuliza, je, nikielekea magharibi kutoka Mombasa, au kutoka Bagamoyo, au kutoka Kilwa, nitakutana na maji makubwa, jibu lake ni naam katika kila bandari. Na maji hayo yaanzia Ikweta na kuishia kusini kabisa, karibu sawa na alivyochora Erhardt. Koa, kwa urefu wake, ni kweli.

Kosa liko katika upana. Kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi Mwanza ni karibu kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na kutoka ncha yake ya kusini hadi kichwa cha Nyasa ni zaidi ya 300, nchi kavu yote hiyo, na hiyo ndiyo Erhardt aliyoizamisha. Wala si ajabu kuwa upande huu ndio ulioharibika. Mlango wa kila njia ulijulikana kwa bandari yake, na mwelekeo wake kwa jua. Bali umbali wa kwenda ndani ulihesabiwa kwa siku, na siku za msafara ni za namna nyingi, kwa kuwa ndani yake zimo siku za mwendo, siku za kungojea hongo ikubaliwe, siku za mvua, na siku za kutafuta wapagazi wengine badala ya waliotoroka. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliotumwa kwa sababu ya ramani hii hii, walichukua zaidi ya siku 130 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora, mwendo ambao kwa mstari ulionyooka ni kilomita 690 hivi. Atakayeigawa namba ya pili kwa ya kwanza ili apate mwendo wa siku moja hatapata kitu chenye maana.

Yuko atakayesema kuwa kulingana huko kwa latitudo ni bahati. Bahati iliyotokea katika njia tatu, na katika ncha ya kaskazini na ncha ya kusini pia, mimi siwezi kuipa jina hilo. Lakini sitaki kushindana kwa dhana, madhali upo ushahidi ulio wazi zaidi, nao uliandikwa na Speke mwenyewe, mtu ambaye simpendi kwa mengi ila kwa hili namshukuru. Walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, mwenyeji wao alikuwa Sheikh Snay bin Amir wa kabila la Harthi, mfanyabiashara ambaye safari zake zilikuwa zimemfikisha hadi Buganda. Speke akaifungua mbele yake ramani ya wamisionari na kumwuliza Nyasa iko wapi. Sheikh akajibu kuwa hilo ni ziwa jingine, mbali na la Ujiji, liko upande wa kusini. Akaulizwa na Ukerewe ni nini, akajibu kuwa hilo nalo ni ziwa, liko kaskazini, na ni kubwa kuliko la Ujiji. Hapo Speke akatambua kuwa wamisionari wameyachanganya maziwa matatu wakayafanya moja.

Tuyatazame hayo vizuri, kwani hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Miezi mitatu kabla Mzungu yeyote wa msafara ule hajayaona maji ya Ujiji, na karibu miezi tisa kabla Speke hajasimama ufukoni Mwanza mwezi wa Agosti 1858, ramani ya koa ilikwisha kusahihishwa, kwa kikao kimoja, kwa mdomo wa mtu wa Tabora ambaye hakuhitaji zaidi ya kuulizwa swali lililonyooka. Yaliyofuata yalikuwa kuthibitisha tu. Na kama Snay aliyajua hayo, hapana sababu ya kudhani kuwa wale waliosema na Erhardt kule Tanga hawakuyajua, kila mmoja kwa njia yake. Isipokuwa hakuna aliyewakutanisha mtu wa Kilwa na mtu wa Ujiji akawauliza kama maji yao ni mamoja. Erhardt simlaumu sana. Alisikiliza kwa subira, aliandika alichoambiwa, na akakosea katika hitimisho ambalo mwenye kukaa ukingoni angeweza kulikosea. Snay hakuishi kuona sifa yoyote: aliuawa wakati wa safari ya pili ya Speke, katika vita vya Waarabu na mtemi Manua Sera.

Ama William Desborough Cooley, aliyekuwa akichora ziwa lake moja refu tangu 1845 kutoka London, akakana theluji ya Kilimanjaro hali walioiona wapo, sina maneno mengi juu yake. Naye pia alipata kumsikiliza mtu wa pwani, Khamis bin Uthman, aliyefika Uingereza. Lakini Cooley alikuwa na tabia ya kumwamini shahidi pale tu alipokubaliana na vitabu vya Wareno.

Dawa basi ni ipi kwa fundi wa leo? Karatasi hii isifungwe kama kitu kimoja. Programu zinaruhusu kukata picha kwa mpaka wa kuchora na kukifunga kila kipande peke yake; na kwa kuwa waraka uliofuatana na ramani umezieleza njia kwa kuzitenga, kipande cha kusini kifungwe kwa Kilwa na ufuko wa Nyasa, cha katikati kwa Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na cha kaskazini kwa Tanga na Nyanza, kila kimoja na masalio yake yaliyoandikwa wazi. Hapo yataonekana maziwa matatu yakijitenga, na zile mbavu za nchi kavu zilizozamishwa zikitokea tena juu. Karatasi za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000, pamoja na zile za idara za vita za Waingereza zilizofuata, hazina haja ya matibabu haya. Zifungwe kwa mistari yake, zikaguliwe, ziwekwe.

Kipande kilicho kigumu ni cha kaskazini, kwa kuwa njia ya Umasaini ndiyo ambayo Wazungu walichelewa zaidi kuipita, na baina ya Tanga na ziwa fundi hukosa pa kushika. Lakini mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London orodha ya njia za misafara kutoka pwani, zikitajwa kituo baada ya kituo hadi ziwani, na orodha hiyo aliipata kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gasi, aliyezipita njia hizo yeye mwenyewe. Pointi za kipande cha kaskazini zichukuliwe humo. Na katika safu ya jedwali inayouliza chanzo cha kila pointi, pasiandikwe Wakefield, paandikwe Sadi bin Ahedi.