Chipu Iliyotumikiwa Kabla ya Kuzaliwa

Wapo wanaoamini kwamba nguvu ya teknolojia imo kiwandani. Mimi naitafuta kwanza katika maandishi, na ushahidi wangu ni wa Agosti 2000.

Mwezi huo kampuni ya AMD ya Marekani ilichapisha hadharani maelezo ya x86-64, yaani maagizo ambayo vichakato vyake vya biti 64 vingeyatii. Chipu yenyewe haikuwapo. Palikuwa na karatasi, kisha kiigizi: programu inayojifanya kompyuta nzima, pamoja na kumbukumbu na diski zake, ndani ya kompyuta ya kawaida. Humo mafundi wa SuSE, kampuni ya Kijerumani, waliiandaa Linux kwa mashine isiyoshikika. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa kobe, maana kila agizo la chipu ya kuwaziwa lilidai maagizo mengi ya chipu halisi. Lakini kosa lilipotokea, mashine nzima iliweza kusimamishwa na kupekuliwa. (Kiigizi, hata hivyo, hutii maandishi tu; chipu halisi huja na kasoro zake.)

Opteron ilipoingia sokoni Aprili 2003, Linux ilikuwa ikiisubiri.

Intel, bingwa wa soko, nayo iliandaliwa Linux kwa viigizi kabla Itanium haijatoka. Haikushindwa kwa uvivu wa mafundi. Itanium ilizibeba programu za zamani kwa shida. Chipu ya AMD iliziendesha kama kawaida. Mwaka 2004 Intel ikaanza kuuza vichakato vinavyotii maagizo aliyoyaandika mpinzani wake mdogo.