Dawa za kubalansi homoni: Soma hii kabla hujatuma hela

Matangazo yamejaa kwenye simu: chupa moja, eti inarekebisha hedhi, chunusi, kitambi na ugumba. Hata Mponde, kwenye milima ya chai huko Bumbuli, Lushoto, yanafika. Shida ni kwamba homoni si kitu kimoja. Kuna za tezi ya shingo, kuna insulini, estrojeni, projesteroni. Hakuna mti unaozipanga zote kwa mkupuo.

Ila jikoni yapo mambo ya kweli.

Chumvi kwanza

Udongo wa milimani huoshwa na mvua na kupoteza madini joto, ambayo tezi ya shingo inayahitaji kutengeneza homoni zake. Yakipungua sana unapata rovu na uchovu, hedhi inavurugika, hata mimba inaweza kuharibika. Kwa hiyo nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, ihifadhi pakavu kwenye chombo chenye mfuniko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Na kabichi? Ikipikwa, na chumvi ni hiyo, kula tu.

Chai, lakini si na chakula

Chai haivurugi homoni. Inachofanya ni kuzuia mwili kufyonza madini chuma ya maharage na mchicha. Mwanamke anayetoka damu nyingi kila mwezi anachoka, anasikia kizunguzungu, anaambiwa "ni homoni hizo", kumbe damu imepungua. Kaa walau saa moja baada ya kula ndipo unywe, na mboga zako zikamulie limau.

Uzito, pande zote mbili

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema PCOS, hali ambayo mayai hayatoki kwa mpangilio, inawapata asilimia 6 hadi 13 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 yao hawajui kama wanayo. Hapa chakula na mazoezi ni sehemu ya tiba yenyewe. Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5 hadi 10 (kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 4 hadi 8), hedhi inaweza kurudi kwenye mstari. Lakini dada mwembamba anayepanda milima na kapu la chai mgongoni, halafu hedhi imekata, usimwambie apungue. Huenda anahitaji kula zaidi. Na wembamba pia wanapata PCOS.

Tangawizi? Tafiti kadhaa ndogo zinaonyesha inapunguza maumivu ya hedhi. Kunywa. Mdalasini na uwatu ushahidi wake bado mdogo, na baadhi ya aina za mdalasini zikizidi zinaweza kuumiza ini.

Ile stori ya "damu imejaa tumboni"

Hii ndiyo inayouza dawa nyingi. Ukiwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, hedhi inaweza kukata kabisa. Hakuna damu inayojikusanya. Ukuta wa mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba, hakuna cha kutoka. Ukiacha sindano, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata mwaka. Mtu anayekuuzia dawa ya "kusafisha kizazi" katika kipindi hicho atajipa sifa ya kitu ambacho mwili ungefanya wenyewe. Za kuweka ukeni ndiyo usiguse kabisa, zinachubua na kuleta maambukizi.

Wakati wa kwenda hospitali

Hedhi imekata miezi mitatu, huna mimba wala hutumii uzazi wa mpango. Unabadilisha pedi kila saa au mbili, au damu inapita siku saba. Ulishafikia ukomo wa hedhi halafu damu ikatoka tena, hata tone: hapo usisubiri wiki. Anzia zahanati ya karibu, na ukifika mtajie mhudumu kila dawa unayokunywa, pamoja na ile aliyokuchemshia bibi, maana nyingine zinagongana na vidonge vya hospitali.