Tumbo Joto: Nahau Yenye Ushahidi wa Maabara

Kila mtihani wa mazungumzo unapokaribia, wanafunzi wetu husema wako tumbo joto. Wengi huichukulia nahau hii kuwa tamathali tu ya wasiwasi. Hata hivyo, historia ya tiba inaonyesha kwamba wasiwasi hulifikia tumbo lenyewe.

Mwezi Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, Alexis St. Martin, kibarua wa biashara ya ngozi kutoka Kanada, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu lililoingia tumboni halikuziba. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, alilitumia tundu hilo kutazama tumbo likifanya kazi. Katika kitabu chake cha 1833 alieleza kwamba hofu na hasira ziliweza kuufanya ukuta wa ndani wa tumbo uwe mwekundu na mkavu, au upauke.

Miaka ya 1890, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na bismuthi, kisha akawatazama kwa eksirei. Paka alipotaharuki, tumbo liliacha kusukuma chakula. Alipotulia, lilianza tena. Katika kitabu chake cha 1915 Cannon alifafanua sababu: mwili ukihisi hatari hutoa adrenalini, na damu huelekezwa kwenye misuli ili kiumbe apigane au akimbie. Mmeng'enyo wa chakula husubiri. Leo tunajua pia kwamba wasiwasi huweza kuharakisha utumbo mpana, ndiyo maana wengine hukimbilia choo.

Tahadhari moja ni muhimu. Kwa muda mrefu vidonda vya tumbo vilidhaniwa kusababishwa na mawazo. Barry Marshall na Robin Warren, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba chanzo kikuu ni bakteria. Kwa hiyo maumivu yasiyokoma yapelekwe hospitali, yasisingiziwe mtihani.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akishika tumbo mlangoni mwa chumba cha mtihani, tusiharakishe kumwita mwongo. Huenda hakusoma, huenda amesoma mno. Kwa vyovyote, anachokihisi ni cha kweli. Tumpe kiti, tumwache avute pumzi, kisha tuanze na swali analolimudu.