Habari za Sukari na Kisiwa cha Morisi

Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipokea kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa Bara Hindi, ambao katika lugha yao ya kale maana yake ya kwanza ilikuwa changarawe. Hata neno guru, kama tusemavyo sukari guru, asili yake ni Bara Hindi. Basi mtu akilifuata jina hili nyuma kutoka nchi hata nchi, ameifuata njia ya kitu chenyewe. Muwa ulitoka mbali zaidi, katika kisiwa cha Guinea Mpya, ambako watu waliupanda na kuutafuna kwa maelfu ya miaka. Lakini Wahindi ndio waliovumbua ujuzi wa kuyachemsha maji ya muwa hata yakagandamana kuwa chembe, na ujuzi huo wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 1,500.

Yafaa tueleze kwanza kazi hiyo ilivyo, maana asiyeielewa hataelewa yaliyofuata. Muwa ukisha kukatwa haungoji. Ukilala siku chache juani, utamu wake huharibika. Kwa hiyo sharti ukatwe, uchukuliwe, ushindikwe, na maji yake yachemshwe pasipo kukawia. Wakati wa mavuno kinu cha zamani hakikujua usiku wala mchana. Hawa walikilisha miwa, hawa walileta kuni, na hawa walisimama mbele ya masufuria makubwa yanayotokota, wakipakua maji ya moto kutoka sufuria moja kutia katika nyingine. Haikuwa kazi ya mtu na mkewe na jembe lao. Ilitaka watu wengi, amri kali, na fedha nyingi kabla ya kuonekana hata ratili moja ya sukari. Ndiyo sababu mwenye shamba kubwa la miwa alitafuta watu wasioweza kukataa.

Wareno waliipanda miwa katika visiwa vya Madeira na São Tomé, kisha Brazil. Columbus naye aliichukua katika safari yake ya pili, mwaka 1493, akaipeleka katika visiwa vya bahari ya Karibi. Tangu hapo hata karne ya 19, watu wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa katika merikebu kwenye pwani za Afrika ili wavushwe Atlantiki, na karibu milioni 2 kati yao walikufa njiani. Wengi wa waliofika walikwenda kufanya kazi katika nchi za miwa. Katika vinu vya Karibi shoka liliwekwa karibu na mahali pa kulishia kinu. Mtu aliyechoka akisinzia usiku, mkono wake ukanaswa kati ya magogo ya kinu, alikatwa mkono ule upesi, mwili wote usije ukavutwa ndani.

Huko Ulaya sukari ilikuwa kwanza dawa, na pambo la meza za wafalme. Mjerumani mmoja, Paul Hentzner, alimwona Malkia Elizabeth wa Uingereza mwaka 1598, akaandika kwamba meno yake yalikuwa meusi, na kwamba Waingereza wengi walikuwa na kasoro hiyo kwa kupenda sukari kupita kiasi. Masikini wa siku zile hakuwa na sukari ya kumwozesha jino. Lakini kadiri watumwa walivyoongezeka mashambani, bei ilishuka. Mwaka 1700 Mwingereza mmoja alitumia yapata ratili 4 za sukari kwa mwaka. Mwaka 1800 ratili 18. Na ulipofika mwaka 1900 zilipita 80. Chai yenye sukari na kipande cha mkate vikawa chakula cha mfanyakazi wa viwandani, kwa kuwa vilimtia joto na nguvu kwa senti chache. Hatuwezi kumlaumu mtu yule. Tena wako waliokataa: mwaka 1791, Bunge lilipokwisha kuukataa mswada wa kuikomesha biashara ya watumwa, watu wengi wa Uingereza waliacha kabisa kutia sukari ya Karibi katika chai yao. Aliyekisia idadi yao, Thomas Clarkson, alisema walikuwa 300,000.

Wengi husoma habari hizi wakadhani ni mambo ya Atlantiki tu, yasiyoihusu bahari yetu. Sivyo. Tazameni katika ramani, mashariki ya Bukini, mtaona kisiwa kidogo kiitwacho Morisi, au Mauritius. Hapo kale hakikuwa na wenyeji. Waholanzi walileta miwa kutoka Java mwaka 1639, kisha wakakiacha kisiwa. Wafaransa wakakitwaa mwaka 1715, na gavana wao Mahé de Labourdonnais, aliyefika mwaka 1735, alihimiza kilimo cha miwa na ujenzi wa vinu. Wakataka watu. Walio wengi waliwapata Bukini na Msumbiji. Kisha wakapanda kaskazini hata Kilwa. Tarehe 14 Septemba 1776, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya reale 20 kila kichwa. Bei hiyo imeandikwa wazi kabisa, kama bei ya nguo au ya pembe.

Wakati ule miwa haikuwa bado imekifunika kisiwa. Watumwa walijenga bandari, walilima nafaka, walibeba mizigo. Waingereza walikitwaa mwaka 1810, na mwaka 1825 serikali yao iliishusha kodi ya sukari ya Morisi ikalingana na ile ya Karibi. Hapo ndipo misitu ilipofyekwa, miwa ikatanda kutoka pwani hata miguuni pa milima. Utumwa ulikomeshwa kisiwani tarehe 1 Februari 1835. Mabwana walilipwa fidia ya zaidi ya pauni milioni 2 kwa watumwa wapatao 66,000. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Bali waliamriwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale, kwa jina la wanafunzi wa kazi, hata mwaka 1839. Siku waliyofunguliwa kwa kweli, wengi walitoka katika mashamba ya miwa wasirudi tena. Wenye kuwaita wavivu kwa ajili hiyo, na waliwaita hivyo, hawakuwa wamepata kusimama mbele ya masufuria yale.

Mahali pao palitwaliwa na vibarua kutoka Bara Hindi. Merikebu iitwayo Atlas iliwaleta 36 mwaka 1834, na hata kufikia mwaka 1920 walikuwa wameingia yapata 450,000, wamefungwa kwa mikataba ya miaka 5. Hawakuwa watumwa, kwa kuwa walipewa mshahara na mkataba ulikuwa na mwisho. Hata hivyo, kibarua aliyekosa siku moja ya kazi aliweza kukatwa mshahara wa siku mbili, na aliyekutwa njiani pasipo cheti aliweza kukamatwa na polisi.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mashamba yake. Kandokando ya mto Pangani, katika karne ya 19, Waarabu na wenyeji wenye mali walipanda miwa na kuweka vinu, na watumwa wakafanya kazi. Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa nao Pangani mwezi wa Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Mtumwa wa shamba la kawaida pwani alizoea kuwa na siku zake na kijishamba chake. Miwa haikumwachia nafasi hiyo. Wengi walitoroka Pangani, wakajijengea vijiji vyao barani.

Sasa tuuendee mwili wa mlaji. Mwaka uleule wa 1776 ulipofanywa mkataba wa Kilwa, daktari Matthew Dobson wa Liverpool, mji uliotajirika kwa merikebu za watumwa, alitangaza jambo alilolipima kwa majaribio. Alichukua mkojo wa mgonjwa wa kisukari, akaukausha juu ya moto, akabakiwa na kitu cheupe chenye chembe, kitamu kama sukari. Waganga wa Bara Hindi walikuwa wamejua tangu kale kwamba mkojo wa wagonjwa hao huwavuta sisimizi. Dobson alionyesha kinachowavuta.

Hapa tuseme kwa uangalifu, maana watu husema mengi. Kisukari hakimpati mtu kwa sababu alilamba sukari jana. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa kitu kiitwacho insulini, nacho huisaidia sukari kutoka katika damu kuingia mwilini. Kwa wengine, hasa watoto, kongosho huharibika lisiitoe. Watoto hao walikuwa wakifa wote, mpaka Januari 1922, kijana wa miaka 14 huko Toronto alipopigwa sindano ya kwanza ya insulini. Kwa walio wengi, hasa watu wazima, insulini ipo lakini mwili hauitii vema. Na hali hiyo hutokana na urithi, unene, kukaa pasipo kazi ya mwili, na vyakula vyenye kuzidisha unene. Vinywaji vya sukari vina lawama ya pekee, kwa kuwa huingiza sukari nyingi wala havishibishi: chupa ndogo ya soda yaweza kuwa na gramu 35, yaani vijiko vya chai 8 au 9. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula. Kwa mtu mzima ni yapata gramu 50 kwa siku. Mwenye kupenda vijiko vitatu katika kila kikombe, na vikombe vinne kwa siku, ahesabu mwenyewe.

Na Morisi je? Wazao wa watu walioletwa kwa ajili ya miwa, wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Bara Hindi, wamo leo miongoni mwa watu walioshikwa sana na kisukari duniani. Madaktari waliopima watu wa kisiwa kile mara kwa mara tangu mwaka 1987 wameona ugonjwa ukiongezeka hata ukampata yapata mtu mzima mmoja katika kila watano. Mwaka 2013 serikali ya Morisi iliweka kodi juu ya sukari iliyomo katika vinywaji vya chupa, ikihesabiwa kwa gramu. Miwa ingali ikilimwa huko.