Nani Hupanga Nguvu ya Pikipiki? Historia Fupi ya Namba za Kisheria

Wiki iliyopita, nikisubiri kipindi cha mchana kianze, niliwasikia vijana wanne wa mwaka wa pili wakibishana nje ya ukumbi wa mihadhara. Walikuwa wakibishana kuhusu pikipiki, wala si kuhusu uchaguzi au mikopo ya elimu ya juu. Swali lao lilihusu Triumph ya cc 398, ile ambayo kampuni hiyo ya Kiingereza huunda kwa ubia na Bajaj ya India tangu mwaka 2023. Je, itapunguzwa injini? Mmoja aliapa kwamba toleo lijalo litakuwa chini ya cc 350. Mwingine alimcheka: kampuni gani yenye akili timamu hupunguza injini ambayo imekwisha kuisifia dunia nzima? Wa tatu alikuwa tayari na makisio ya nguvu za farasi, uzito na hata bei.

Waliponiona waliniamkia, kisha mmoja akaniuliza, "Dokta, wewe unaonaje?" Nilimjibu kwamba mimi si fundi, ila historia inatosha kujibu nusu ya swali hilo. Makala haya ni jibu nililowaahidi. Nayaandika pia kwa ajili ya wasomaji wangu walio katika ofisi za umma, kwa kuwa nusu ya pili ya swali inawahusu wao zaidi kuliko vijana wale.

Tuanze na chanzo cha ubishi. Tarehe 22 Septemba 2025, India ilibadili viwango vya kodi yake ya bidhaa na huduma. Pikipiki zisizozidi cc 350 zilishuka kutoka asilimia 28 hadi 18. Zile zinazozidi hapo zilipandishwa hadi asilimia 40. Injini ya cc 398 imevuka mstari huo kwa cc 48 tu, na cc hizo 48 sasa zina gharama ya asilimia 22 ya kodi. Hivyo basi, kijana aliyekisia cc 350 hakuhitaji kupata siri yoyote kiwandani. Alichohitaji ni kusoma tangazo la kodi. Kama makisio yake yatatimia au la, hilo ni uamuzi wa wenye kampuni. Lakini njia aliyotumia kufikiri ni sahihi, na historia inayo mifano mingi ya kumuunga mkono.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Japani. Mwishoni mwa mwaka 1974, Honda ilitoa pikipiki iliyopendwa mno, CB400 Four, yenye silinda nne na injini ya cc 408. Mwaka uliofuata serikali ya Japani ilibadili utaratibu wa leseni. Katika miaka hiyo magenge ya vijana wenye pikipiki za makelele yalikuwa yakilitia jeshi la polisi wasiwasi. Mstari mpya ukachorwa kwenye cc 400: aliyetaka kuendesha pikipiki kubwa kuliko hapo alilazimika kufanya mtihani wa pekee, uliosifika kwa ugumu wake, ambao waombaji wengi waliufeli mara kwa mara. Honda ikajikuta na pikipiki iliyozidi mstari kwa cc 8. Mwaka 1976 ikatoa toleo la soko la nyumbani lenye cc 398. Kipenyo cha silinda kilibaki milimita 51, ila mwendo wa pistoni ulipunguzwa kutoka milimita 50 hadi 48.8. Milimita moja na nukta mbili za chuma ziliondolewa kwa sababu ya kalamu ya ofisini. Hakukuwa na sababu ya kiufundi.

Jambo la kuzingatia ni lile lililofuata. Mstari wa cc 400 ulizaa ulimwengu mzima wa pikipiki. Kampuni nne za Japani, yaani Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, zilishindana kwa miaka ishirini kutengeneza pikipiki za cc 400 zenye ufundi wa hali ya juu, ambazo kwingineko duniani hazikuwa na soko la maana. Chini yake kulikuwa na daraja la cc 250, ambalo nalo lilikuwa na sababu yake ya kisheria: pikipiki isiyozidi cc 250 haidaiwi ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara ambao magari na pikipiki kubwa hudaiwa. Kisha, katika miaka ya 1980, kampuni zikakubaliana zenyewe kuweka ukomo wa nguvu: farasi 59 kwa cc 400 na farasi 45 kwa cc 250. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwango hivyo vikashushwa hadi 53 na 40. Mnunuzi aliyepita duka hadi duka alikuta mabango ya washindani wanne yakitangaza namba ile ile. Makubaliano hayo yaliachwa mwaka 2007. Ule mtihani mgumu wa leseni ulikuwa umekwisha kulegezwa mwaka 1996, pale mafunzo ya pikipiki kubwa yaliporuhusiwa kutolewa katika shule za udereva.

Uingereza ilikuwa imeanza mapema zaidi. Mwaka 1961 wanafunzi wa udereva walizuiwa kuendesha pikipiki zinazozidi cc 250. Mara moja cc 250 ikawa ndilo daraja la ndoto za vijana, na kila kampuni ikatafuta namna ya kuongeza kasi bila kuongeza cc. Mwaka 1971 sheria ikageukia vijana wa miaka 16: hao waruhusiwe tu kuendesha kipikipiki cha cc 50 chenye pedeli kama za baiskeli. Nia ilikuwa njema, kuwapunguzia kasi. Lakini sheria ilitaja cc na pedeli, haikutaja kasi. Yamaha ikaleta FS1-E, pikipiki kamili iliyobandikwa pedeli, iliyoweza kupita kilomita 70 kwa saa. Ilichukua hadi mwaka 1977 kwa watunga sheria kuongeza ukomo wa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa. Mwaka 1983 daraja la wanafunzi likashushwa kutoka cc 250 hadi cc 125, na safari hii wakakumbuka kuweka na ukomo wa nguvu.

Hapa ndipo tunapoiona hatua muhimu katika historia hii: kutoka kupima ukubwa wa injini hadi kupima nguvu yenyewe. Ulaya iliikamilisha hatua hiyo kwa agizo la mwaka 2006 lililoanza kutumika tarehe 19 Januari 2013. Daraja la kati, linaloitwa A2, liliwekewa masharti matatu. Nguvu isizidi kilowati 35. Uwiano wa nguvu na uzito usizidi kilowati 0.2 kwa kilo. Na ikiwa pikipiki imepunguzwa nguvu, ile ya asili isiwe na nguvu inayozidi mara mbili ya hiyo iliyobaki.

Mtu mwenye kalamu na karatasi anaweza kuyageuza masharti hayo kuwa pikipiki. Kilowati 35 gawanya kwa 0.2 unapata kilo 175: pikipiki nyepesi kuliko hapo haiwezi kutumia nguvu yote inayoruhusiwa. Kilowati 35 mara mbili unapata 70: pikipiki yenye zaidi ya hapo haiwezi kupunguzwa na kuuzwa kwa mwanafunzi. Sasa tazama yaliyotokea sokoni. Mwaka 2013, mwaka ule ule wa sheria, Honda ilileta pikipiki tatu za cc 471, zote zikiwa na kilowati 35 kamili. KTM ya Austria ilipotoa Duke 790 yenye kilowati 77, iliweka pembeni toleo la pili lenye kilowati 70, ili mwenye leseni ya A2 aweze kuinunua ikiwa imebanwa. Hakuna mhandisi aliyeamka asubuhi akaota namba 70. Namba hiyo ilitoka katika ibara ya agizo.

Hadi hapa mtu anaweza kuniambia kwamba huu ni mchezo wa kampuni na wanunuzi, na kwamba hakuna aliyeumia. Sikubaliani, na sababu ni kwamba kila ukomo niliotaja ulitetewa kwa jina la usalama wa maisha. Basi tuuulize usalama.

Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alichapisha uchunguzi ambao hadi leo hutajwa katika kila mjadala wa aina hii. Timu yake ilifika katika maeneo ya ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles na kuyachunguza papo hapo, kisha ikasoma taarifa za polisi za ajali nyingine 3,600. Kasi ya kati ya pikipiki kabla ya ajali ilikuwa takriban kilomita 48 tu kwa saa. Katika ajali zilizohusisha gari jingine, theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa gari aliyeinyima pikipiki haki yake ya kupita. Na waendesha pikipiki wapatao asilimia 92 hawakuwa wamepata mafunzo rasmi: walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Mwaka 1997 taasisi ya utafiti ya Uholanzi, TNO, ilichunguza kwa niaba ya Tume ya Ulaya pendekezo la kuweka ukomo wa takriban farasi 100 kwa pikipiki zote. Haikupata ushahidi wa kisayansi wa kuunga mkono ukomo huo. Hata hivyo Ufaransa, iliyokuwa imeuweka tangu katikati ya miaka ya 1980, iliushikilia hadi mwaka 2016.

Sisemi kwamba ukomo wa nguvu hauna maana. Kumpa kijana wa miaka 18, wiki yake ya kwanza barabarani, pikipiki ya farasi 150 ni ukatili, na ngazi ya A1, A2 na A ina busara ndani yake, hasa inapoambatana na mafunzo na mtihani katika kila hatua. Ninachosema ni kwamba serikali hupenda kupima kilicho rahisi kupimwa. Ukubwa wa injini umeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, na karani anaweza kuusoma bila kuondoka kwenye kiti. Ubora wa mafunzo, mwanga kwenye makutano, tabia ya dereva wa gari anayekata kona bila kutazama, hivyo havisomeki kwenye kadi. Kwa hiyo tunatunga sheria juu ya cha kwanza, halafu tunashangaa kwa nini wodi za mifupa hazipungui.

Mpwa wangu alilala katika wodi kama hiyo kwa miezi miwili. Pikipiki yake ya bodaboda ilikuwa ya cc 125, mwendo wake ulikuwa wa kawaida wa mjini, na gari lilikata kulia mbele yake kwenye makutano. Hakuna ukomo wa nguvu uliotungwa Tokyo, London wala Brussels ambao ungemsaidia. Kofia ngumu ilimsaidia. Mafunzo ya dereva wa lile gari yangemsaidia zaidi.

Ndiyo maana nasema swali la vijana wale linatuhusu. Bajaji hiyo hiyo inayoshirikiana na Triumph ndiyo iliyotuletea Boxer, ambayo imebeba abiria, magunia ya mkaa na wajawazito katika nchi zetu. Tanzania ilipotunga mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, bodaboda ilikuwa imekwisha kuenea. Sheria ilikuja nyuma ya mashine, na imekuwa ikiikimbilia tangu hapo.

Sasa mashine nyingine inakuja, na safari hii tunaweza kuwahi. Kigali na Nairobi pikipiki za umeme zimo barabarani, zikibeba abiria kila siku. Pikipiki ya umeme haina silinda. Haina cc hata moja. Kila kifungu cha sheria, cha kodi au cha bima kinachopima kwa cc kitaikuta haina pa kushikwa, na mahali fulani ofisa mmoja ataombwa aandike namba mpya kwa kilowati.

Ikiwa ofisa huyo ni wewe unayesoma, nakuomba mambo matatu kabla hujaiandika. Kwanza, jiulize namba hiyo inapima hatari yenyewe au inapima tu kilicho rahisi kusomeka. Pili, fahamu kwamba watengenezaji wataisogelea hadi nukta ya mwisho, kama Honda ilivyofanya kwa milimita 1.2, kwa hiyo andika namba ambayo ungependa kuiona barabarani. Tatu, andika pia tarehe ya kuipitia upya, maana Japani ilichukua miaka zaidi ya ishirini kulegeza mtihani wake na Ufaransa miaka zaidi ya kumi na minane kuuheshimu utafiti wa mwaka 1997.

Na kwa vijana wangu wanne: endeleeni kukisia. Lakini mnapotaka kujua pikipiki ijayo itakuwa na nguvu kiasi gani, msianze na picha zilizovuja kiwandani. Anzeni na gazeti la serikali.