Chombo cha Kupandia: Kontena, Chungu au Bidoni?

Mwongozo wa bustani uliotafsiriwa kwa Kiswahili ukisema "panda nyanya kwenye kontena", msomaji wa Kinanira, mtaa wa Bujumbura, ana haki ya kucheka. Kontena kwake ni lile sanduku la chuma la futi 20 au 40, linaloshushwa bandarini Dar es Salaam na kuletwa na lori hadi Bujumbura. Likichoka na safari hukatwa dirisha, likawa duka. Nyanya zilizomo ni zile za kopo tu.

Watafsiri wengine hukwepa kontena wakaandika "chungu". Neno hilo nalo lina matatizo yake. Chungu hufinyangwa kisivuje, na mnunuzi sokoni hukigonga kwa kidole asikilize kama kina ufa. Mmea unataka kinyume chake. Pilipili ikipandwa kwenye chungu kisichotobolewa, maji hutuama chini, mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yananyauka hali udongo umelowa. Mwenye nyumba akiona mnyauko huo hudhani ni kiu, basi huongeza maji.

Istilahi inayobeba maana yote ni "chombo cha kupandia". Ni kitu chochote kinachotenga udongo wa mmea na ardhi, kikaushika udongo huo na kuyaachia maji yaliyozidi. Neno la msingi hapo ni kutenga. Mnyanya uliopandwa shambani hufuata maji kwa mizizi yake. Uliomo ndani ya chombo hauna pa kwenda. Kwa hiyo maswali ya maana ni mawili: chombo kinabeba lita ngapi, na kinatoa maji wapi?

Kinanira, jirani na Musaga kusini mwa Bujumbura, maswali hayo yana uzito. Ua ukishamwagwa sementi na kuzungushiwa ukuta, kipande cha udongo cha kuotesha lengalenga (ndiyo mchicha wa Watanzania) ni nadra kubaki. Kisha kuna kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Udongo wa shambani hukauka taratibu. Ule wa kwenye chombo hukauka haraka, hasa chombo kikiwa kidogo, cheusi na kimewekwa juani.

Chombo kinachopatikana kila mahali ni bidoni ya njano ya lita 20, ile inayobeba maji na mawese ya Rumonge. Neno lenyewe ni la Kifaransa, kama mengi katika Kiswahili cha Buyenzi, mtaa mwingine wa Bujumbura, na cha Kongo. Mtanzania huiita dumu, Mkenya jerikeni au mtungi. Hukatwa sehemu ya juu kwa kisu, kisha msumari uliopashwa moto hutoboa matundu kadhaa ubavuni, karibu kabisa na kitako, na mengine kitakoni. Huwekwa juu ya matofali mawili ili maji yapate njia. Bidoni moja inautosha mnyanya mmoja. Wengi hupanda miwili, wakavuna kidogo kuliko ambavyo ule mmoja ungezaa. Pilipili inaridhika na lita 10 hivi. Lengalenga haihitaji kina kirefu: beseni lililopasuka, lenye kina cha sentimita 20, linafaa kabisa. Bidoni iliyobeba dawa ya wadudu isiguswe, hata ikioshwa mara ngapi.

Kuna imani moja inayokataa kufa, kwamba kokoto zikitandikwa chini ya chombo maji yatatoka upesi. Ukweli ni tofauti. Vijitundu vidogo vya udongo hung'ang'ania maji, wala haviyaachii yaingie kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wa juu yake ulowe chepechepe. Kila chombo kina tabaka hilo la maji yaliyokwama juu ya kitako. Kokoto haziliondoi, hulipandisha tu karibu na mizizi na kula nafasi ya udongo. Kinachotakiwa ni kipande cha wavu juu ya tundu, udongo usimwagike.

Mawe yana kazi nyingine kwenye gunia. Kibera, Nairobi, bustani za magunia zilienea sana baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités likigawa miche. Kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe, udongo hujazwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka ipatikane nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Maji yakimwagwa juu hupita humo na kuifikia sukuma wiki iliyochomekwa ubavuni. Hapo mawe ni bomba.

Kwa miche, Kiswahili kina neno ambalo halihitaji kubuniwa: kiriba. Zamani ulikuwa mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, na jina lake ni la Kiarabu. Mabwana misitu wa Tanzania wakalihamishia kwenye mfuko mdogo wa nailoni wa kuoteshea miti, na leo viriba vinajulikana kwenye kila kitalu. Nchini Burundi, amri ya rais ya Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ikaanza kubana Februari 2020. Lakini kiriba kilikuwapo kabla ya nailoni, na maganda makavu ya mgomba yakikunjwa na kufungwa vizuri hukifanya vilevile. Faida yake ni kwamba huingia shimoni pamoja na mche na kuoza humohumo.

Kwa hiyo waandishi wa miongozo waliache kontena bandarini na chungu jikoni. Waandike kiriba kwa mche, chombo cha kupandia kwa mmea uliokua, na kando yake waweke idadi ya lita. Mama wa Kinanira mwenye bidoni mkononi anaijua lita 20 bila kufafanuliwa.