Hata Mfalme Alipigwa

Wasee, kama umetoka kwa gemu za RPG za kucheza peke yako ukaingia za mtandaoni, halafu mtoto wa shule ya msingi akakumaliza, usilie. Hata mfalme alipigwa.

Mwaka 1985, Richard Garriott wa Marekani alitoa Ultima IV. Ndani ya nchi ya Britannia, shujaa ni wewe tu, na ili ushinde lazima ufuate maadili manane. Ukimpunja yule muuza mitishamba kipofu, gemu inakukata alama kimyakimya.

Mwaka 1997 Britannia hiyo hiyo ikaingia mtandaoni, Ultima Online. Agosti, ikiwa bado ya majaribio, Garriott alitokea mbele ya watu kama mfalme Lord British, kinga yake haijawashwa. Mchezaji mmoja akamwashia moto. Mfalme chini! Ilipozinduliwa Septemba, wageni wakawa wanauawa na kuporwa wakitoka tu nje ya mji. Mwaka 2000 ikabidi dunia iwe mbili: Felucca ya sheria za zamani, na Trammel ambako huwezi kumuua mwenzako ovyo.

Yaani ukiwa peke yako, wema ni alama tu. Wakiwepo watu, ndiyo tunakujua.

Mimi wiki yangu ya kwanza nilibeba silaha ambayo timu nzima ilipigania, maana nilizoea kila sanduku ni langu. Walinifukuza usiku huo huo. Niliwaka, lakini walikuwa sawa. Wewe ukiingia, salimia watu kwanza, kisha uliza mgao ukoje.